Akiba Haijawahi Kutumika: Namna Fundi Anavyokagua Parachuti ya Mtumba

Mtu anayeuza parachuti ya mtumba huwa na sifa mbili za kutaja kabla hujamuuliza: mwavuli mkuu umerukwa mara chache, na ule wa akiba haujawahi kutumika. Mnunuzi mgeni huzipokea kama anayeuziwa gari ambalo lilikuwa la mwalimu mstaafu, la kwenda kanisani na kurudi. Fundi wa miavuli hasikii hivyo. Anachouliza kwanza ni mzigo ulikuwa unatunzwa wapi, umepigwa na jua kiasi gani, kamba ni za aina gani, na akiba imefungwa upya mara ngapi. Idadi ya miruko huja baadaye sana, na mara nyingine haibadilishi uamuzi wake.

Seti kamili ina vitu vinne: mkoba wenye mikanda ya kuvaa mwilini, mwavuli mkuu, mwavuli wa akiba, na kifaa cha kielektroniki cha kufungua akiba iwapo mrukaji ameshindwa. Havizeeki kwa kasi moja wala kwa sababu moja. Ndiyo maana bei moja ya jumla, "seti nzima, chukua", huficha zaidi ya inavyoonyesha.

Tuanze na hiyo akiba ambayo haijawahi kutumika, kwa kuwa historia yake ina funzo kali. Katika miaka ya 1980 nchini Marekani warukaji wengi bado walibeba akiba ya duara, yenye matundu upande wa nyuma yaliyofunikwa kwa wavu ili hewa itoke na mwavuli uweze kuelekezwa. Mafundi wakaanza kukutana na jambo la ajabu: akiba mpya, safi, ambazo hazijafunguliwa angani hata mara moja, lakini kitambaa chake kinachanika kwa kuvutwa na mikono. Mkosaji alikuwa wavu. Baadhi ya wavu uliotumiwa na watengenezaji kadhaa kipindi hicho ulikuwa na asidi. Mwavuli ukikunjwa na kufungiwa mkobani, wavu ule hulala juu ya nailoni kwa miezi mfululizo, na nailoni haivumilii asidi. Kwa hiyo mwavuli uliokaa bila kuguswa ndio uliokuwa ukiliwa.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kimaabara lakini rahisi kiasi cha kufanyika juu ya meza ya fundi. Tone la kemikali iitwayo bromokresoli ya kijani huwekwa kwenye wavu, na penye asidi rangi hugeuka kuwa njano. Kisha hufuata kipimo cha nguvu: kitambaa hubanwa kwa vibano viwili na kuvutwa kwa mizani ya springi hadi uzito uliowekwa. Fundi hakuvuta popote tu. Alilenga sehemu ambazo mwavuli ukiwa umekunjwa huguswa na wavu, maana huko ndiko madhara yalikojificha huku pengine pote kitambaa kikiwa kizima. Ukikuta leo seti ya zamani yenye akiba ya duara ya miaka hiyo, mimi nakushauri usihangaike hata na hicho kipimo. Iache.

Akiba za siku hizi za mchezo huu ni za mraba, lakini "haijatumika" bado si hoja. Nyingi hushonwa kwa nailoni ya aina ya F-111, ambayo hupitisha hewa kidogo sana ikiwa mpya na kupitisha zaidi kadiri inavyoshikwashikwa, kukunjwa na kukandamizwa. Kufunga kwenyewe ni matumizi. Kampuni ya Performance Designs ya DeLand, Florida, huweka kwenye akiba zake kibandiko chenye visanduku 40, na fundi hutia alama kimoja kila anapoifunga upya. Visanduku vikijaa, au mwavuli ukiwa umefunguliwa angani mara 25, hurudishwa kiwandani kupimwa upya. Kwa sheria ya Marekani akiba hufunguliwa, hukaguliwa na kufungwa upya kila siku 180; kabla ya mwaka 2008 ilikuwa kila siku 120. Fanya hesabu mwenyewe: akiba ya miaka 12 iliyofuata ratiba hiyo ya zamani inakaribia visanduku 36, hata kama haijawahi kuona anga. Kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya kadi ya kumbukumbu iliyomo mkobani. Muuzaji mkweli huitoa siku hiyohiyo.

Mwavuli mkuu una adui mwingine. Siku hizi mingi ni ya nailoni iliyopakwa silikoni, isiyopitisha hewa kabisa, na kitambaa hicho hudumu miruko mingi kuliko watu wanavyodhani. Kinachochoka mapema ni kamba. Hapa ndipo "imerukwa mara chache" inapoanza kupwaya, kwa sababu miruko 300 juu ya kamba za aina moja si sawa na miruko 300 juu ya aina nyingine.

Kamba za Dakroni ni nene, hunyumbuka kidogo, na hazibadilishi sana urefu wake. Za Spectra ni nyembamba na zenye nguvu ya kustaajabisha, ila ni plastiki ya jamii ya polietilini, nayo haipendi joto. Kila mwavuli unapofunguka, slaida, yaani kile kipande cha kitambaa cha mstatili chenye macho manne ya chuma, hushuka kwa kasi kando ya kamba. Msuguano huleta joto, joto huifanya Spectra inywee. Kamba za nje ndizo zinazosuguliwa zaidi na macho hayo, kwa hiyo hunywea kuliko za katikati, na kamba za breki hunywea kuliko zote. Matokeo yake ni mwavuli usioumbika kama mtengenezaji alivyokusudia. Breki zikiwa fupi kupita kiasi, mkia wa mwavuli hubaki umevutwa chini wakati mrukaji ameachia mikono yote. Anaruka akiwa amefunga breki bila kujua. Ufunguaji nao huharibika: mwavuli hukurupuka, hugeuka upande, humpiga mtu mshtuko wa shingo. Mwenye mwavuli huulaumu mwavuli, akauuza.

Vectran hainywei namna hiyo. Ina tabia mbaya zaidi, kwa maoni yangu: hukaa kwenye urefu wake huku ikilika kwa msuguano na jua, kisha siku moja hukatika. Kwa Spectra unapata onyo kupitia urukaji mbovu. Kwa Vectran onyo ni manyoya ya nyuzi zilizokatika, ambayo lazima uyatafute kwa macho na vidole.

Fundi anapozipima hufunga mikanda ya mabegani, ile inayounganisha kamba na mkoba, kwenye ndoano moja imara, akazikusanya kamba kundi kwa kundi na kuzivuta kwa nguvu ileile, kisha akalinganisha na jedwali la mtengenezaji. Kwanza kulia na kushoto, ambazo lazima zilingane. Halafu za mbele dhidi ya za nyuma. Mwisho breki. Tofauti ya sentimita chache hutosha kuandikia "kamba mpya" kwenye ripoti, na gharama ya seti ya kamba pamoja na kazi ya kuzifunga ndiyo kiasi cha kwanza cha kukatwa kwenye bei.

Kuna kamba moja ambayo wanunuzi wengi huisahau. Kimwavuli kidogo ambacho mrukaji hukitupa kwenye upepo ili kivute pini na kutoa mwavuli mkuu, siku hizi hutengenezwa kiweze kujifunga chenyewe baada ya kazi, kisiburuzwe nyuma kama nanga. Ndani ya utepe wake hupita kamba ya kukifunga, na mara nyingi ni ya Spectra. Nayo hunywea, ilhali utepe unaobeba mvuto haunywei. Ikishakuwa fupi, kilele cha kimwavuli huvutwa ndani hata baada ya kutegwa vizuri, hakijai upepo, na mwavuli mkuu huchelewa kutoka au hautoki kabisa. Kukagua ni dakika moja: tega kimwavuli, tazama kidirisha kidogo kwenye utepe uone rangi ya alama, kisha nyoosha utepe na uhakikishe mvuto unabebwa na utepe wenyewe huku ile kamba ya ndani ikibaki na ulegevu kidogo. Ikiwa kamba ndiyo iliyokaza, ibadilishwe kabla ya mruko mwingine wowote.

Sasa mkoba. Angalia pete tatu za begani. Bill Booth, Mmarekani, alizibuni katikati ya miaka ya 1970, wakati kuachana na mwavuli mbovu kulihitaji kufungua vifungo vya chuma mabegani kimoja kimoja. Pete kubwa imeshonwa kwenye mkanda wa mwili. Ya kati hupita ndani yake na kukunjwa, ndogo hupita ndani ya ya kati, na hiyo ndogo hushikwa na kitanzi cha uzi kilichopenyezewa waya uliovikwa plastiki ya njano. Kila pete hufanya kazi ya wenzo, hivyo mzigo unaofika kwenye kitanzi ni sehemu ndogo mno ya uzito unaoning'inia. Vuta waya, pete zinaachana, mwavuli mbovu unaondoka. Lakini mkanda wa nailoni uliokaa umekunjwa mwaka mzima hushika umbo la mkunjo na kuwa mgumu, na pete huchelewa kugeuka. Ndiyo sababu mara moja kwa mwezi pete hufunguliwa, mkanda huviringishwa na kukunjwakunjwa kwa mkono, na waya hufutwa uchafu kwa kitambaa chenye silikoni kidogo. Mwulize muuzaji lini alifanya hivyo mara ya mwisho. Akikuuliza "kufanya nini?", umeshapata jibu kuhusu vitu vingine vyote.

Kwa seti zilizotumika pwani, na hapa kwetu kuna watu wanaoruka na kutua ufukweni Diani, kusini mwa Mombasa, uliza kuhusu mchanga na chumvi. Mchanga husaga kamba na macho ya slaida. Mwavuli uliolowa maji ya bahari husuuzwa kwa maji baridi mara kadhaa na kuanikwa kivulini, bila sabuni na bila mashine ya kufulia, kwa kuwa chumvi ikikauka ndani ya nyuzi hubaki punje zinazokata. Jua lenyewe hudhoofisha nailoni kimyakimya. Rangi iliyofifia kwenye mikanda ya miguu na mabega inakuambia mengi kuliko daftari la miruko.

Kifaa cha kielektroniki ndicho rahisi kukikagua, maana kina tarehe. Cypres, kilichobuniwa na Helmut Cloth wa Ujerumani na kuingia sokoni mwaka 1991, hupima shinikizo la hewa; toleo la warukaji wazoefu likigundua mtu bado anaporomoka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde akiwa kwenye kimo cha mita 225 hivi, hukata kitanzi kinachofunga akiba. Matoleo ya zamani ya Cypres 2 yana maisha ya miaka 12 na nusu, mapya zaidi miaka 15 na nusu. Kifaa kikibakiwa na mwaka mmoja, kilipie kama kitu cha mwaka mmoja.

Ufungaji wa mwavuli mkuu unastahili makala yake, ila mnunuzi anapaswa kumwona muuzaji akifunga. Tazama mambo mawili. Je, amepandisha slaida hadi juu kabisa, ikagota kwenye vizuizi vyake, akaitandaza katikati ya kamba? Hiyo ndiyo inayozuia mwavuli usifunguke ghafla. Mambo mengine ya kukunja, ya kulainisha kila pembe, ni mapambo kwa kiasi kikubwa. Na kitanzi cha kufungia mkoba kikoje? Kikiwa kimelika au kimelegea, pini inaweza kuchomoka mlangoni mwa ndege mwavuli ukatoka kabla ya mtu, na hapo wote waliomo ndani wako hatarini. Kitanzi hicho ni uzi wa senti chache, na nimeona seti za bei mbaya zikiwa na vitanzi vilivyobakiza nusu ya nyuzi zake.

Kabla ya kulipa, kubalianeni mzigo uende kwa fundi uliyemchagua wewe, akate uzi mwekundu wenye muhuri wa risasi uliofungwa kwenye pini ya akiba, afungue kila kitu na kuandika anachokiona. Gharama ni yako ukiukataa mzigo kwa hiari tu, ni ya muuzaji ikionekana ulikuwa na kasoro aliyoificha. Na ukisoma ripoti, usiishie kwenye ukubwa wa mwavuli mkuu. Mtu wa kilo 80 akivaa vifaa vyake hufika karibu pauni 203. Chini ya mwavuli wa futi za mraba 200 anabeba pauni moja hivi kwa kila futi, mzigo wa mwanafunzi. Chini ya futi 135 anabeba moja na nusu. Seti nyingi zinazotangazwa kwa wanaoanza zina mkuu mkubwa wa kuridhisha pamoja na akiba ndogo, kwa sababu mwenye nazo alitaka mkoba mwembamba mgongoni. Akiba hiyo huenda ikafunguliwa na kifaa huku mrukaji amezimia, asiweze kuvuta breki, ikamtua kwa kasi yake yenyewe popote upepo utakapompeleka. Uliza futi za akiba kabla ya kuuliza rangi.