Kuwamba Toni

Mzee anayepiga gitaa la rithimu kanisani kwetu Voi aliniita baada ya ibada. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha nafasi kwenye benchi chini ya mwarobaini. Kisha akaniuliza, "Kijana wangu, leo ulikuwa unapiga?"

Nikashangaa. "Kwani mzee, hukuniona?"

"Kukuona nimekuona. Vidole vilikuwa vinakimbia vizuri sana. Ila sikukusikia."

Jumapili hiyo nilikuwa nimekuja na priseti mpya. Nilizinunua mtandaoni, thelathini kwa mpigo, kwa pesa ambazo zingenifikisha Mombasa kwa matatu na kunirudisha. Priseti, kwa asiyezijua, ni mpangilio uliokwisha kuandaliwa. Mtu fulani, mahali fulani, ameketi na modela kama yako, akachagua amplifaya, kabineti, eko na mwangwi, akazungusha hiki na kile mpaka moyo wake ukatulia, kisha akauhifadhi kama faili na kuuuza. Modela yenyewe ni kompyuta ndogo iliyovaa umbo la pedali, na kazi yake ni kuiga kwa hesabu tabia za amplifaya za kweli. Jumamosi usiku, chumbani, hedifoni masikioni, priseti ya kwanza nusura inilize. Gitaa lilikuwa pana kama nyika ya Tsavo. Kesho yake, chini ya mabati, lilipotea kama kijiko kimoja cha sukari kwenye sufuria ya chai ya harusi.

Kilichonipata kina maelezo ya zamani kuliko modela yoyote. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote kwa usawa. Sauti ikipunguzwa, besi ndiyo ya kwanza kutoroka, na trebo nayo hufifia. Kwa hiyo anayeunda toni chumbani kwa sauti ya chini huongeza besi na trebo bila kukusudia, apate kufidia alichonyimwa na sikio lake. Ipeleke toni hiyo kwenye spika za kanisa, sauti ikiwa juu, na vyote alivyoongeza vinarudi na riba. Besi inavimba, trebo inachoma, na pale katikati, ambapo ndipo gitaa linapoishi, pamebaki shimo. Kinanda kinaingia shimoni humo, waimbaji wanaingia, na mpiga gitaa anabaki wa kutazamwa.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Aliyeniuzia priseti zile hakunidanganya hata kidogo. Aliwamba ngoma yake, kwa gitaa lake na chumba chake. Huenda gitaa lake lina pikapu, zile sumaku za kunasa mtetemo wa nyuzi, nene za koili mbili. Langu lina za koili moja, nyembamba na zenye makali. Huenda chumba chake kina zulia na mapazia. Sisi tuna saruji chini, mabati juu, na madirisha ya vioo yanayotetemeka lori likibadilisha gia kwenye barabara ya Mombasa. Kamba alizishika yeye, ngozi ikaenda kwake. Mimi nilinunua ngoma nikategemea iwe imewambwa kunielekea mimi.

Basi mzee akanipa kazi. Jumanne jioni, kanisa likiwa tupu, nije na gitaa na hicho kidude changu, na hizo za kununua niziache nyumbani.

Kabla ya Jumanne nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani: nilisikiliza. Sisi wa kaunti hii tuna mwenzetu wa kuanzia, Fadhili William, ambaye jina lake la mwisho, Mdawida, yaani Mtaita, linataja asili yake lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alirekodi "Malaika". Ugomvi wa nani aliutunga wimbo huo nawaachia wanaouweza. Mimi nilitaka gitaa. Katika rekodi za Nairobi za enzi hiyo, iwe ni za Fadhili au za Fundi Konde, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kupiga gitaa la umeme, sauti ya gitaa ni ndogo kuliko unavyoikumbuka. Haina kifua. Ukiitoa peke yake ukaiweka kwenye hedifoni hutamwita mtu aje kuisikia. Lakini kila noti ina mahali pake, na hakuna ala nyingine inayothubutu kupakalia. Kisha nikaenda kwa Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, nikamfuata Omar Shabani na rithimu yake katika "Sina Makosa". Pale nilisimamisha wimbo mara nyingi hadi wa nyumbani wakalalamika. Gitaa lile ni jembamba kama waya wa kuanikia nguo, na nguo zote za wimbo zimeanikwa juu yake.

Kati ya zile thelathini nilizonunua hakukuwa na moja ya kupigia rumba, wala benga, wala pambio la Kidawida. Zilikuwa za roki nzito na za ibada za Kimarekani zenye mwangwi wa dakika nzima. Simlaumu muuzaji kwa hilo pia. Kila mtu huuza anachokula.

Jumanne nikafika. Mzee alikwenda kuketi benchi la mwisho, karibu na mlango, mikono juu ya fimbo. "Anza," akasema.

Nikafungua nafasi tupu kwenye modela. Wengi hawazijui nafasi hizi. Ziko mwisho kabisa wa orodha, baada ya zile za kiwandani, na ukizifungua hazitoi chochote ila ukavu. Nikaweka amplifaya moja safi na kabineti yake. Hapo niseme neno juu ya kabineti, maana nimewasikia vijana wakiizima kwa kutojua. Spika ya gitaa haipendi sauti za juu sana; ikipita hezi elfu tano au sita huanza kukataa, na kukataa huko ndiko kunakolainisha gitaa. Spika za kanisani hazikatai kitu. Ukizima kabineti ndani ya modela ukaingia moja kwa moja kwenye miksa, utapata nyuki ndani ya kopo la maziwa.

Nikapandisha sauti hadi kiwango cha Jumapili. Hili ndilo nililokuwa sijawahi kulifanya katika maisha yangu ya gitaa: kuunda toni kwa sauti itakayopigiwa. Mama anayeuza viazi karai nje ya lango akachungulia kuona kama kuna mkesha.

"Mwangwi," mzee akasema. Nikadhani anauomba. Alikuwa ananionyesha dari kwa fimbo. Mabati yana mwangwi wa kwao, wa bure, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuongeza wa pili. Nikauondoa. Geini nikaishusha, nikaishusha tena, mpaka ikabaki nusu ya nilivyozoea. Kisha tukaingia kwenye besi, na hapo niliumia. Uzi mnene wa gitaa, ukiwa haujabanwa, hutoa hezi 82. Chini ya hapo hakuna noti yangu hata moja, kuna mngurumo tu, na ule ni ugomvi wa bure na mpiga besi na ngoma kubwa. Nikakata chini ya hezi mia. Gitaa likakonda. Nikakata zaidi kidogo. Likazidi kukonda, likawa kama mtoto aliyetoka kuugua malaria. Ngoma ivumayo haikawii kupasuka, naujua msemo huo tangu shule ya msingi, lakini masikio yangu yalikuwa yanapenda mvumo.

"Endelea."

Nikainua katikati, jirani na hezi elfu moja, pole pole. Kwanza likatokea lile jambo baya, sauti ya mtu mwenye mafua. Nikarudi nyuma kidogo. Nikapiga kodi ileile, sidhani kama nilibadilisha kodi kwa robo saa nzima. Nikasogeza tena. Mzee hakusema neno. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye fimbo.

"Hapo. Sasa nasikia nyuzi."

Saa mbili zilipita kwa toni moja. Hakuna pambo ndani yake: amplifaya, kabineti, mkato wa chini, mwinuko wa katikati. Niliihifadhi kwa jina la "Mabati".

Sitaki kumdhihaki anayenunua. Mtu akiitwa Ijumaa usiku kwamba mpiga gitaa wa harusi ameugua, na yeye Jumamosi asubuhi yuko kwenye matatu ya Wundanyi inayopanda kona baada ya Mwatate, anunue, apige, alipwe. Halafu kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaitangazi: priseti inaweza kufunguliwa na kusomwa. Siku hizi nazifungua zile thelathini moja moja kama mtu anayeinua kifuniko cha sufuria ya jirani. Kwa nini ameweka eko kabla ya amplifaya? Kwa nini amekata pale? Nimejifunza mengi humo, mengine ni ya kutoyafuata.

Tena kuna kununua na kununua. Tangu kampuni ya Line 6 ilipotoa modela yake nyekundu, POD, mwaka 1998, na baadaye, mwaka 2011, Kemper akaja na mashine ya kuchukua nakala ya amplifaya kama mtu anavyopiga picha, kinachouzwa kimegawanyika mara mbili. Nakala ya amplifaya ni sufuria. Priseti ni ugali uliokwisha kusongwa. Sufuria nitanunua bila aibu, maana Voi sijawahi kumwona mtu mwenye amplifaya ya Vox AC30 sebuleni, na bila modela nisingewahi kuigusa. Watu huuliza kama imeigwa sawasawa. Mimi sina ya kweli ya kuilinganisha nayo, na mzee wangu wa benchi la mwisho hana, na kwaya haina. Zamani niliona huo ni umaskini. Sasa naona umetuondolea deni: hatudaiwi kufanana na mtu yeyote. Kipimo chetu ni mabati yale na masikio yaliyo chini yake.

Na kipimo hicho hakihami. Mwezi uliofuata niliibeba "Mabati" hadi kwenye harusi Wundanyi, kwenye baridi ya milimani, chini ya tenti. Hakuna ukuta, hakuna bati, sauti inatoka kwenye spika na kuteremkia mashambani bila kurudi. Toni yangu niliyojivunia ikasikika kavu kama mahindi ya ghalani. Ngozi nilikuwa nimeivutia Voi, na sasa nilikuwa mgeni wa priseti yangu mwenyewe. Nikainama pale pale, bwana harusi akiwa anaingia, nikaongeza mwangwi kidogo na kurudisha besi niliyoikata. Ilichukua muda wa ubeti mmoja. Mikono ilishajua njia.

Leo modela yangu ina toni sita nilizoziwamba mwenyewe, na vumbi jekundu la kutosha kwenye vizungushio kufanya kimoja kikwaruze. Zile thelathini bado zimo, sijazifuta, nilizilipia. Na mzee wa rithimu amepata malalamiko mapya: anasema siku hizi gitaa langu linasikika mno, nipunguze.