Bafle Zetu: Sanduku Linalia, Neno Linapotea

Mtu akitaja mila, wengi wetu tunafikiri ngoma, likembe na hadisi za jioni. Bafle ya triplex iliyopigwa misumari nyuma ya nyumba, hatuihesabu. Tunaona ni makosa. Fundi wa ngoma anachagua mti, anauchimba, anavuta ngozi kusudi sauti nzito itoke. Fundi wa bafle ya gitare basi anafanya kazi ileile, na mbao na oparleri iliyotolewa mu radio ya zamani. Wote wawili wanajenga tumbo la sauti.

Kazi hiyo ina wakubwa wake. Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mu mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi, alipiga basi na kidole gumba chake, na sanduku la gitare lilitosha. Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono N°1, aliyefariki mwaka 2015, alitengeneza mikro za likembe na sumaku za vyuma vya magari vilivyotupwa. Likembe moja ilishika basi. Sahani yao Congotronics, ya mwaka 2004, ilisikilizwa mpaka Ulaya. Hawakungoja vitu vya dukani, lakini walisikiliza kile walichojenga. Hapo njo tunataka kuwakosoa vijana wetu.

Mwaka fulani, siku ya kufunga masomo, vikundi viwili vya vijana viliunganisha bafle zao: mbili za huku, mbili za kule. Walipashwa kuimba wimbo wa kumkumbuka mwalimu mwenzetu aliyefariki. Bafle nne, sisi wote tulingoja basi ya kutikisa viti. Kumbe basi haikusikika. Wakapandisha ampli. Sauti za waimbaji zilipita mu ampli ileile, basi kila kitu kikageuka kelele. Kiisha, mama ya marehemu alitwambia: "Niliona batoto banafungua kinywa, lakini jina ya mwana wangu sikuisikia."

Fundi mmoja mzee alifika kisha watu kutawanyika. Alitoa pile ya radio ya volti 1,5, akaigusisha kwenye waya za kila bafle. Oparleri za kikundi cha kwanza zilisukuma mbele, za kikundi cha pili zilivuta nyuma. Waya zilipindana, plasi mahali pa minasi. Moja inasukuma hewa, jirani yake inaivuta: basi inakufa katikati. Tena, kila bafle ilikuwa ya omu 8. Ukifunga nne pembeni kwa pembeni, zinabaki omu 2, na ile ampli iliandikwa nyuma yake isishuke chini ya 4. Ilikuwa inabeba mzigo usio wake, inachemka. Mzee alizifunga mbili mbili kwa kufuatana, kiisha akaunganisha jozi zote mbili pembeni kwa pembeni. Hesabu ikarudi 8. Akapiga kamba ya chini, ile inayotetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na sakafu ikajibu. Lakini mama alikwisha kwenda.

Kosa lingine linakuwa mu sanduku lenyewe. Vijana wanashindana ukubwa na rangi. Wanaacha mgongo wazi, ama wanatoboa tundu juu ya uzuri tu. Oparleri inatoa sauti mbele na nyuma. Ile ya nyuma ikizunguka bila kizuizi, inakula sauti nzito ya mbele. Njo sababu sanduku linafungwa vizuri na kola na visi, mbao isicheze. Tundu nalo lina kipimo chake: pulizia mdomo wa chupa kubwa, kiisha wa chupa ndogo, utasikia tofauti. Wahenga walisema kweli, debe tupu haliachi kuvuma. Lakini kuvuma si kuimba.

Kuna wakubwa wanaosema vijana waache kujengajenga, wanunue bafle za dukani. Hatukubali. Na feza itoke wapi? Wengine wanasema kila kitu cha mikono yetu kisifiwe tu. Hiyo nayo tunaikataa. Fundi wa ngoma akileta ngoma bubu, wazee wanamrudishia. Fundi wa bafle naye apewe heshima hiyohiyo ya kukosolewa.

Basi, vijana wetu, mbele ya kuunganisha, muulize kila bafle ni ya omu ngapi, mujaribishe waya na pile, na mmoja wenu aende kusimama nyuma kabisa ya ukumbi, kule wamama wanaketi. Asiposikia maneno, musipandishe. Mupunguze, mutafute kosa. Sisi wakubwa tunasifu nguvu ya basi, lakini tulikuja kusikia jina la mtu.