Santuri za Ukumbusho na Msikilizaji wa Rufiji

Mshairi anapofariki huwaachia watu kazi mbili: kumlilia na kumkusanya. Ya kwanza haihitaji elimu. Ya pili ndiyo ngumu, na sisi wa mwambao tumekwishauona ugumu wake kwa Muyaka bin Haji. Alifariki Mombasa karibu na mwaka 1840. Tungo zake zikabaki vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoziandika mwishoni mwa karne ile, na diwani yake haikuchapishwa ila mwaka 1940, kwa mkono wa William Hichens. Aliyeisoma diwani ile anajua kwamba mkusanyaji naye ni mtunzi wa aina yake. Akitanguliza hili na kuchelewesha lile, sura ya marehemu hubadilika.

Nimeyarejea haya kwa ajili ya mtunzi wa gitaa. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944, akapata jina na Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Baada ya mauti yake, kampuni ya Polygram ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri kubwa, ikauita Ukumbusho. Jina hilo lina adabu yake. Kampuni nyingine zingeandika “nyimbo bora” zikamaliza. Neno bora humsifu aliyeimba na kumwacha msikilizaji alipo. Neno ukumbusho humdai msikilizaji naye atoe alichonacho.

Deni hilo nililiona likilipwa Nyamisati, wilayani Kibiti, penye ukingo wa delta ya Rufiji. Nilikuwa nangoja chombo cha kwenda Mafia. Maji yalikuwa yamekupwa, mizizi ya mikoko i wazi, na abiria tumekaa juu ya mizigo yetu. Kijana mmoja alifungulia simu yake wimbo wa “Shida”. Mzee aliyekuwa kando yangu akaanza kuuimba kwa sauti ya chini, neno kwa neno, hadi mahali fulani akaruka maneno kadhaa na kuitangulia simu.

“Babu, umekosea,” kijana alimwambia.

“Sijakosea, mjukuu wangu. Santuri ya mjomba wangu ilikuwa inaruka hapo.”

Sijapata kusikia uhakiki wa santuri ulio mfupi na wa kweli kuliko huo. Wimbo wa kijana ni mzima, umesafishwa. Wimbo wa mzee una mkwaruzo, na ndani ya mkwaruzo huo yumo mjomba na nyumba yake. Mkusanyo wa kampuni unaweza kutupa wa kwanza tu. Swali la mhakiki ni kama unatuachia nafasi ya kuujua wa pili.

Tuanze na umbo. Nyimbo nyingi za dansi za zama zile zilitolewa kwanza katika santuri ndogo za kasi ya 45, zenye wimbo mmoja uliokatwa pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno: mahadhi ya taratibu, kisa, malalamiko. Upande wa pili ulikuwa wa chemko: magitaa yanajibizana, tarumbeta zinaingia, wachezaji wanasahau kisa. Katikati yake alikuwapo mtu aliyeinuka kwenda kuigeuza santuri, na kimya kile kifupi kilikuwa sehemu ya kusikiliza, kama pumzi baina ya ubeti na ubeti. Katika santuri kubwa kimya hicho kimehamia kwingine, kinakuja baada ya nyimbo kadhaa. Tumepata wingi, tukapoteza pumzi. Anayemsikia Mbaraka kwa Ukumbusho pekee humdhania mwimbaji wa mfululizo, naye alikuwa bingwa wa kisa kimoja kilichokamilika.

La pili ni mpaka. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kutangazwa, na aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mbaraka alifariki ng’ambo ya mpaka uliofungwa, na ukumbusho wake ukatengenezwa huko huko. Kwa hiyo mkusanyo huu, pamoja na uzuri wake, ni Mbaraka wa soko la Nairobi. Mbaraka wa redio, yule aliyeingia nyumba za Rufiji pasipo mtu kununua chochote, alibaki katika kanda za Dar es Salaam. Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa Masimango, mkusanyo wa rekodi za Morogoro Jazz, nao ulisaidia kuziba pengo. Lakini msikilizaji wa Kibiti hakupelekewa.

Wala pengo hili si dogo kwa watu wa bonde lile. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bonde la Rufiji kutoka mashamba ya mtoni kwenda vijiji vya ujamaa vilivyojengwa ardhi ya juu. Ndiyo Operesheni Rufiji. Novemba 1969, mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao Rufiji na Dar es Salaam zote zilikuwa ndani yake, alipiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Muziki wa Wamarekani weusi ukafukuzwa. Dansi la akina Mbaraka likabaki, na mwaka 1970 yeye na wenzake walipelekwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mkoa mmoja, miaka ile ile, watu walikuwa wakichaguliwa pa kuishi na cha kusikiliza. Aliyehamishwa hakuweza kubeba mwembe wake. Wimbo aliweza kuubeba.

Kwa sababu hiyo namlaumu mkusanyaji kwa upole, lakini namlaumu. Ukumbusho umetuhifadhia sauti, na bila huo vijana wengi wasingemjua mtu huyu. Ila wimbo bora kwa mwenye duka ni uliouzwa, na wimbo bora kwa aliyehama huenda ni ule uliosikika wiki ya kuhama. Mbaraka anastahili diwani: rekodi za redio na za Nairobi ziwekwe bega kwa bega, kila wimbo na mwaka wake, pande mbili zitajwe, wapiga magitaa na tarumbeta wapewe majina yao. Kando yake ziandikwe kauli za waliosikiliza, maana wanapungua kila mwaka. Sikujua aliwahi, watu waliomjua Muyaka kwa masikio walikuwapo bado.

Maji yalipojaa tuliitwa chomboni. Mzee hakuwa msafiri. Alikuwa amemsindikiza mjukuu. Sikumwuliza ni maneno gani aliyoyaruka, na sasa najuta.