Mti Upi Badala ya Upi

Mchoro wa barabara hufika kitaluni ukiwa na kila kitu: umbali kati ya shimo na shimo, urefu wa mche, jina la mti. Kitaluni nako kuna kilichopo. Mti ulioandikwa haupo, au ipo miche michache iliyodhoofu, mvua za masika zi njiani na mkandarasi anataka jibu leo. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mtu wa bustani anayeijua kazi yake. Mti wa kwanza mtu yeyote mwenye kitabu anaweza kuuchagua. Kuupata wa pili, utakaokaa mahali pa ule wa kwanza pasiharibike kitu, ni ufundi.

Chukua bogenvilia katikati ya barabara ya njia nne. Mwenye haraka huona rangi tu, kwa hiyo bogenvilia ikikosekana analeta alamanda: maua ya njano tele, na roho yake inatulia. Fundi huuliza kwanza mmea ule ulipewa kazi gani pale. Miiba yake inamzuia mtu kukatiza pasipo na kivuko. Kichaka chake kinakinga taa za magari yanayokuja usiku zisimpige dereva machoni. Tena kinavumilia kiu. Kikinyimwa maji kidogo ndipo kinapochanua zaidi. Alamanda haina mwiba hata mmoja. Mbadala wa haki hapo unaweza kuwa mchongoma, usio na ua la kusifiwa, na wapo watakaonung'unika kwamba barabara imepoa, lakini watoto wa shule watavukia kwenye pundamilia.

Ukikaribia kipilefti au mahali magari yanapogeukia, hesabu inabadilika kabisa. Jicho la dereva wa gari dogo liko mita 1 na kidogo tu juu ya lami. Kichaka kile kile kilichookoa watu mita mia nyuma, hapa kinaficha bodaboda. Ukoka unatosha.

Rangi nayo isidharauliwe. Nairobi ina zambarau yake ya Oktoba, na Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji hilo tangu 1947, alikuwa na mkono mkubwa katika kuipamba kwa mijakaranda na bogenvilia. Lakini mjakaranda umetoka Amerika Kusini na umezoea mahali penye ubaridi. Nairobi na Arusha, juu milimani, unajiona kwao. Ushushe Dar es Salaam, utamea na kukupa majani, maua kwa kubahatisha. Anayetaka barabara ya pwani iwake msimu mmoja wa mwaka atafute mkrismasi, unaowaka mwekundu Desemba inapokaribia. Nao una masharti: mizizi yake hutambaa juujuu na kuinua vigae vya njia ya miguu, na matawi yake hukatika kwa upepo. Upewe hifadhi pana ya barabara, mbali na nyaya za umeme, utandaze mwavuli wake kwa raha.

Kuna mti mmoja unaonipa mashaka kila ninapouona kwenye mchoro, nao ni mkungu. Kivuli chake ni kizuri mno, hilo silipingi. Ila jani lake ni pana kuliko kiganja, na kiangazi hulipukutisha lote kwa mkupuo. Majani hayo hujilaza juu ya nondo za mfuniko wa mtaro, jani juu ya jani, mpaka mvua ya kwanza inakuta mlango umefungwa. Pembeni mwa mtaro wazi napenda mwarobaini uchukue nafasi yake: jani dogo, kivuli karibu mwaka mzima, ustahimilivu wa ukame. Shida ni mbegu. Mbegu ya mwarobaini hupoteza uhai ndani ya wiki chache, hivyo asiyeziotesha zikiwa mbichi hana cha kuuza msimu ukifika. Mbadala mzuri huanza kuandaliwa miezi mingi kabla haujahitajika.

Miche ikishapatikana, mwangalie fundi anavyoikagua. Urefu haumbabaishi. Anachana kiriba kimoja kwa wembe, anakung'uta udongo, anatazama mzizi mkuu. Ukiwa umejizungusha chini kama nyoka, shehena nzima ina maswali, maana mche ule ulikaa kifungoni muda mrefu na utaendelea kujinyonga hata ardhini. Kisha anakwaruza gome kwa ukucha atafute kijani.

Baadaye anafanya jambo ambalo wengi huliruka: anaandika kwenye mchoro kwamba mkungu umebadilishwa na mwarobaini, na sababu yake ni mtaro. Mti ule ukifa baada ya miaka mitano, atakayetumwa kujaza pengo hatakuwa na haja ya kukisia, wala hatarudisha mkungu.