Nani Aliyefanya "Vitabu"?

Wako walimu wasemao kwamba lugha huharibiwa na uvivu wa ulimi: mtu hulipokea neno zima, kisha hulitamka apendavyo. Hoja hiyo twaiona dhaifu, maana yamsahau msikiaji.

Na tulitazame neno kitabu. Waarabu husema kitab, na kwa wingi kutub. Asili yake ni herufi tatu, k, t na b, wala ile "ki" si kiambishi hata kidogo. Lakini Mswahili aliyelisikia alikuwa na kiti na viti, kisu na visu, akalipanga neno geni pamoja na hayo. Ulimi wake haukukosa. Alilitamka karibu sawa na mwenyewe, na hapana aliyeweza kujua kwamba pana jambo jipya, hata iliposemwa "kitabu hiki" na "vitabu hivi". Badiliko lilikuwa limekwisha kufanyika sikioni kabla ya kutoka kinywani. Kadhalika wakati: Waarabu husema waqt, na kwa wingi awqat, sisi twasema nyakati, kwa kufuata wavu na nyavu.

Mwaka 1981 mtaalamu John Ohala aliandika kwamba msikiaji ni chanzo cha mabadiliko ya sauti. Twamsifu kwa kuuondolea ulimi lawama isiyo yake. Ila yeye alishughulika na sauti, jinsi msikiaji awezavyo kukosea katika kuzipambanua. Katika "vitabu" sikio halikukosea sauti. Lilisikia vema, likaongozwa na lugha liliyoizoea.

Kwa hiyo si haki mwalimu amcheke mtoto asemaye "vipilefti", ati kwa kuwa kipilefti ni amri ya Kiingereza iliyoandikwa penye mzunguko wa barabara, kumwagiza dereva ashike kushoto. Mwalimu huyo huyo hugawa vitabu darasani bila haya! Na wale walioyasikia madigadi ya gari, wakatoa digadi moja, walifanya kazi ile ile, maana neno la Kiingereza lilikuwa la umoja tangu mwanzo.

Lakini si kila neno hukubali kupangwa hivyo. Mashine nayo yaanza kwa "ma", wala hatujasikia mtu akisema "shine moja". Labda ni kwa sababu madigadi huonekana mengi katika gari moja, na mashine ya kusaga husimama peke yake kijijini.