Mkaa Umekolea, Jiko Limeingia Chumbani

Kosa lilifanyika moshi ulipokwisha. Mnaoijua baridi ya Mgori mwezi Juni na Julai mmeliona mara nyingi: ugali umeshaliwa, upepo wa Singida unakata, mkaa umekolea mwekundu, na mwenye nyumba anaamua kwamba sasa jiko linafaa kuingia wanakolala watoto. Anafunga kimlango cha chini ili mkaa ufike alfajiri, kisha anasukumia kitambaa chini ya mlango. Uamuzi huo ni mbaya, na kila msimu wa baridi nimeusema.

Ule mwali wa buluu unaocheza juu ya mkaa ni monoksidi ya kaboni inayoungua. Mwali ukizimika na jivu likafunika makaa, gesi ileile huendelea kutoka, ila sasa haiungui, inajaa chumbani. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Kufunga kimlango kunazidisha balaa, kwa sababu makaa yaliyonyimwa hewa hutoa gesi hiyo kwa wingi zaidi. Ikifika kwenye damu, huishika himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Moshi angalau humkohoza mtu akatoka nje. Mwenye nyumba alingoja huo uishe, ndipo akaingiza jiko.

Mwenye nyumba alifanya vizuri kupikia uani. Jiko banifu nalo linaokoa mkaa, lakini udongo wake hauzuii gesi.

Wajenzi nao nitawasema tena: acheni kuziba mwanya wote kati ya ukuta na bati bila kuweka tundu la hewa. Na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034, una lengo jema. Ila katika kampeni zake nasikia msitu na macho mekundu ya mpishi, sisikii habari za jiko la kuotea moto usiku.

Mwanasayansi John Scott Haldane hakuiamini pua yake. Miaka ya 1890 aliivuta gesi hii mwenyewe maabarani, akaandika mwili ulivyobadilika, akawashauri wachimba makaa ya mawe wabebe wanyama wadogo ambao huanguka kabla ya binadamu. Ndege wa aina ya kanari walibaki migodini Uingereza hadi 1986. Sisi bado tunapima kwa macho.

Nyumba nzima ikiamka na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, watu hukimbilia kupima malaria. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho huweza kuonyesha namba nzuri, kwa kuwa hakitofautishi gesi hii na oksijeni. Basi mtoeni mgonjwa nje upesi, mpelekeni kituo cha afya apewe oksijeni, na mwambieni mganga waziwazi kwamba jiko la mkaa lililala ndani. Usiku wa leo liacheni uani, mwongeze blanketi.