Kitenzi Kinachofukuza Mpira

Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, husifiwa kwa sauti yake. Sauti alikuwa nayo, lakini utangazaji wa mpira alioukuza katika kituo cha redio cha Sauti ya Kenya husimama juu ya kitenzi. Mfikirie msikilizaji wa Njoro, shabiki wa Nakuru All-Stars, mabingwa wa ligi ya taifa mwaka 1963. Uwanja wa Afraha, mjini Nakuru, hauoni. Anataka kujua mpira uko kwa nani na unaelekea wapi, tena kabla haujahama.

Nitunge mfano: “Anao, anakwenda nao, anamtazama mwenzake… kampa!” Hakuna jina hata moja, na hakuna aliyepotea. Viambishi vimebeba mchezaji, mpira na mpokeaji kwa pumzi moja. Zaidi ya hapo, “-na-” inatembea sambamba na mguu, kisha “kampa” inakiri kuwa tendo limeshapita. Mtangazaji huchelewa daima. Ufundi wake ni kuuficha uchelewaji huo ndani ya sarufi. Jina lenyewe hulihifadhi hadi mpira ukaribie lango, na likitajwa hapo humwinua msikilizaji kitini. Anayetaja majina kwa kila pasi anasoma orodha ya timu tu, na wa aina hiyo tunao tele.

Kuna ujanja mwingine wa kushoto na kulia. Winga ya kushoto ni kushoto kwa anayeshambulia, hivyo mpira ukinyang’anywa uwanja mzima hugeuka kichwani mwa msikilizaji, naye hulalamika mara chache mno.

Televisheni iliharibu mkataba huu wa mtangazaji na msikilizaji. “Anakwenda nao” ni maneno ya bure kwa mtu anayemwona akienda nao. Hapo mtangazaji aeleze sababu, au anyamaze, na kunyamaza ndiko kunakowashinda waliolelewa na redio.

Nje ya uwanja pia kitenzi kilikuwa na uzito wake. Agosti 1, 1982, askari waasi wa jeshi la anga la Kenya walimlazimisha Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Sauti ilikuwa yake, sentensi ya wengine, na kitenzi chake kilikuwa cha “-me-”: jambo limekwisha. Lilikuwa halijaisha. Kabla siku nyingine haijakucha, vikosi vitiifu kwa Rais Moi vilikuwa vimekitwaa tena kituo cha redio. Siku hiyo, wakati wa kitenzi uliofaa ulikuwa ule wa “-na-”: mpira ungali unachezwa.